Namba ya Kujazia

Ofisi yenyewe ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vitambaa, na ukiniuliza mimi, kimoja kilikuwa chumba na kingine kilikuwa kabati lenye dirisha. Humo walikaa watu watatu, wakiwatengenezea tovuti watu wasiojua tovuti ni kitu gani, ila wameambiwa na majirani kwamba siku hizi bila hiyo huna biashara. Mkubwa wao walimwita Mwalimu, kwa sababu alifundisha hesabu miaka kumi na minane kabla ya kuacha chaki, na alihama na kalamu yake nyekundu. Wa pili alikuwa mwandika misimbo, kijana mrefu aliyeshinda na vipokea sauti masikioni, ambaye siku moja alisahau kufunga bano moja na tovuti nzima ikazimia. Tangu hapo akawa Mabano. Wa tatu ndiye mwenye hadithi hii. Alikuwa mchora kurasa. Jina la nyumbani analo, lakini pale ofisini alikuwa Rangi, nami nitamwita hivyo hivyo.

Sasa, kila kazi ina ujanja wake mdogo, na ujanja wa hawa ulikuwa kujazia. Mteja anataka tovuti. Analeta nembo aliyoipiga picha ukutani, anaahidi kwamba maneno na picha na namba za simu ataleta kesho, na hiyo kesho haifiki. Huwezi kukaa umekunja mikono unamngoja. Unachora ukurasa, na kwenye visanduku vitupu unajazia chochote ili uone kama vinakaa sawa, kisha mambo ya kweli yakija unabadilisha. Mabano alijazia "maneno maneno maneno" mpaka kisanduku kifurike. Rangi aliona huo ni uvivu mtupu. Ukurasa wa maneno ya ovyo, alisema, ni kama suruali iliyopimwa kwenye kiti. Hujui itamkaaje mtu. Yeye alijazia sentensi za watu wanaopumua, na mahali pa namba ya simu alijazia namba ya mama yake.

Kwa nini ya mama yake? Kwa sababu ndiyo pekee aliyoijua kwa kichwa. Namba nyingine zote duniani zilikaa ndani ya simu, hata yake mwenyewe ilibidi aitafute. Ya mama alikaririshwa tangu darasa la kwanza, asije akapotea halafu akabaki analia tu, na vidole viliiandika vyenyewe huku kichwa kikiwaza mambo mengine. Ajabu ni kwamba vidole hivyo hivyo vilikuwa na majuma kadhaa havijaipiga. Rangi aliahidi atapiga kila Jumapili, na alipoahidi alimaanisha. Lakini Jumapili nayo ina mambo yake: kuna kufua, kuna kulala, na kuna kujiambia nitapiga baadaye.

Kujazia kulikwisha kumponza mara moja. Tovuti ya shule ya udereva ilikwenda hewani na kisanduku kimoja alichokisahau, kilichoandikwa: "Hapa zitakaa sababu za kutuamini, kama zipo." Kilikaa siku nne. Mwenye shule alikuja mwenyewe, gari lake akaliegesha gurudumu moja juu ya ukingo wa barabara, yeye mwalimu wa udereva. Mwalimu wetu aliomba radhi mpaka sauti ikamkauka. Alipomaliza alichukua kalamu nyekundu, akaandika orodha ya mambo kumi na mawili ya kukaguliwa kabla tovuti yoyote haijatoka, akaibandika ukutani. Kisha akamwambia Rangi, bila kupandisha sauti hata kidogo, kwamba kikitoka kitu kingine cha kujazia, atamwaga unga. Mabano alivua vipokea sauti ili asikie vizuri.

Rangi aliipenda ile kazi. Aliitafuta miaka miwili, na hakuwa na ujuzi mwingine zaidi ya huo wa kujua rangi gani ikae karibu na ipi. Akaapa kwamba orodha ile ataikagua kama anayetafuta pete kwenye mchanga, na kwa miezi mitano alifanya hivyo kweli.

Ndipo akaja fundi wa mafriji. Huyu bwana alikuwa mpole, mpana wa mabega, na maneno alikuwa akiyatoa kama anayang'oa. Alipoulizwa anataka tovuti ya namna gani, alifikiri kwa muda, akasema: ya mafriji. Alileta picha kumi na moja, zote za mafriji, zote zimepigwa kwa nyuma, maana huko ndiko anakofanyia kazi. Rangi alimbembeleza mpaka akakubali kupigwa picha moja ya sura. Walipomwonyesha tovuti iliyokamilika aliiangalia ile picha yake, akajipapasa shavu, akasema sawa. Kitu kingine chochote hakukisoma.

Siku ya kuiweka hewani, Mabano alisimama mbele ya orodha akasoma kipengele kimoja kimoja kama karani wa mahakama, na Rangi akajibu akiangalia skrini. Picha zinafunguka? Zinafunguka. Maneno yote ni ya mteja? Yote. Namba ya simu? Rangi akaiangalia namba, akaisoma tarakimu moja moja kwa sauti, akasema iko sahihi. Na kweli ilikuwa sahihi; hakuna namba aliyokuwa na hakika nayo kuliko hiyo. Ingekuwa ya mtu mwingine yeyote angeinuka akalinganishe na fomu ya mteja. Hii macho yaliisalimia tu kama jirani, yakapita. Mabano akaweka alama ya vema, Mwalimu akatia sahihi, na namba ya mama ikaenda hewani chini ya maneno "Piga sasa, fundi anakusikiliza".

Hapo inafaa nikueleze huyo mama. Alikuwa opereta wa simu wa hospitali kubwa kwa miaka thelathini na mmoja, mwenye laini kumi na sita mbele yake na sauti moja tu kwa wote, daktari kwa mfagizi. Watu walipiga wakilia, wakipiga kelele, wakitafuta wagonjwa wao, naye aliwatuliza na kuwapeleka panapohusika. Kisha akastaafu. Mumewe alikwisha kutangulia, binti yake ana kazi zake, na simu yake ikawa kitu kinachokaa mezani kikiwa na chaji mia kwa mia kutwa kucha. Kuna siku alikuwa akiinyanyua tu kuangalia kama haijaharibika.

Majuma matatu yakapita. Jumatatu moja asubuhi, Rangi akisubiri kompyuta yake iamke, dhamira ilimchoma, akaamua leo lazima. Akapiga. Laini inatumika. Akanywa chai, akapiga tena. Inatumika. Mama yake, anayemjua yeye, hakuwa na mtu wa kuzungumza naye hata dakika tano. Mara ya sita alikuwa tayari anawaza kwamba mama ameanguka na simu imebaki wazi, ndipo ikapokewa mlio wa kwanza kabla haujaisha.

"Fundi wa mafriji, habari za asubuhi," ilisema sauti ya mama yake, ile ya hospitali, nyororo na iliyonyooka. "La kwako linanguruma au limenyamaza?"

Rangi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akasema shikamoo mama, ni mimi. Mama akaitikia marahaba, akafurahi, kisha papo hapo akamwambia samahani, kuna mtu friji lake linavujisha maji sebuleni na amesema atapiga tena sasa hivi, hivyo waongee jioni. Akakata. Katika maisha yake yote Rangi hakuwahi kukatiwa simu na mama yake.

Hakuhitaji kuambiwa. Alifungua tovuti, akateremka mpaka chini, akaiona namba imekaa pale kwa raha zake. Mwalimu alikuwa chumba cha pili akizungumza na mteja. Mabano kichwa kilikuwa kikicheza na muziki wake. Akatoa fomu ya fundi, akabadilisha namba, akahifadhi, akafunga. Kazi ya dakika moja. Hakuna aliyeona, hakuna aliyelalamika, na kibarua chake hakikuota nyasi. Akajikaza kisabuni na kuchora mpaka saa kumi na moja. Jioni alimpigia mama yake, na laini haikutumika kabisa. Alikusudia kumweleza, lakini mama aliuliza tu kama amekula, akasema amechoka kidogo, wakaagana. Rangi akalala vizuri usiku ule, na kwa hilo namlaumu.

Siku nne baadaye fundi wa mafriji alipanda ngazi za ofisi kwa kishindo. Mkononi bado alikuwa na bisibisi, na upande mmoja wa shati ulikuwa umelowa. Mtu aliyekuwa akitoa maneno kama anayang'oa, siku hiyo yalimwagika. Alitaka kujua kwa nini wamemwondoa yule mama.

Mwalimu akamkaribisha kiti, akauliza ni mama yupi.

Yule wa simu, alisema fundi. Yule mliyeniwekea. Majuma matatu hayo alipata raha ya kazi ambayo hakuwahi kuipata tangu ashike bisibisi. Kila asubuhi saa moja na nusu yule mama humpigia na kumpangia safari: kwanza nenda mtaa wa juu, friji haligandishi lakini taa inawaka, kisha shuka huku chini, raba ya mlango imelegea, chukua raba kabisa usiende kurudi. Alikuwa amewauliza watu maswali mpaka ugonjwa ukajulikana kabla fundi hajatoka nyumbani. Wateja wakali walimfikia wakiwa wameshapoa. Sasa tangu Jumatatu simu zinakuja kwake moja kwa moja, yeye kichwa kiko ndani ya friza, mikono ina grisi, asipopokea wanamtukana, akipokea anawajibu vibaya. Jana alimwambia mzee mmoja achomoe waya, na mzee akachomoa wa mita ya umeme. Mtaa mzima ulikaa gizani kwa saa mbili.

Mabano aliangua kicheko, kisha akamtazama Rangi, kicheko kikakatika. Rangi alikuwa ameganda na kipanya mkononi.

Mwalimu kwa utulivu wake alimweleza fundi kwamba ofisi yao haijawahi kuwa na mpokea simu, hata wao simu zao wanapokezana. Labda ni kampuni nyingine imemchanganya. Labda ni mtu tu aliyeamua kumsaidia, na sasa ameacha. Mambo kama hayo hutokea, alisema, na akaanza kutafuta karatasi aandike namna ya kumpatia msaada mwingine. Na hapo, jamani, mlango ulikuwa wazi kabisa kwa Rangi. Ilikuwa ni kunyamaza tu, suala life kikondoo.

Fundi akatikisa kichwa. Alisema mwenyewe amempigia yule mama juzi kumuuliza kulikoni. "Akaniambia samahani mwanangu, nadhani hawanihitaji tena. Mimi nimefanya kazi na watu wengi, Mwalimu. Ile ilikuwa sauti ya mtu aliyefukuzwa kazi."

Maneno hayo yalimwingia Rangi. Alikuwa ameiokoa kazi yake kwa dakika moja Jumatatu asubuhi, na kwa dakika hiyo hiyo akaichukua ya mama yake, tena bila hata kumwambia. Akaachia kipanya.

"Ni mama yangu," alisema. "Namba niliijazia mimi. Orodha niliikagua mimi, nikasema sahihi. Jumatatu nikaibadilisha kimya kimya ili nisimwage unga."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaivaa, akaenda kusimama mbele ya orodha yake ukutani kama mtu anayesahihisha mtihani wake mwenyewe. Sahihi yake ilikuwa chini ya ile karatasi ya ukaguzi pia, na alilijua hilo. Alimuuliza Mabano kama kipengele cha namba ya simu kinasema namba ipigwe. Mabano akasema kinasema ikaguliwe tu. Kalamu nyekundu ikatoka. Mwalimu akaandika cha kumi na tatu: Piga namba. Sikia nani anapokea.

Kisha akamgeukia Rangi, na Rangi akajua sasa ndiyo sasa.

"Nilisema kikitoka kitu cha kujazia, huna kazi hapa. Maneno yangu sirudishi. Lakini mteja huyu anaitaka ile namba, na akiitaka, si ya kujazia tena, ni yake. Sharti mwenye namba akubali. Nenda kamuulize mama yako. Akikubali, rudi Jumatatu. Akikataa, njoo Jumatatu uchukue vitu vyako."

Fundi aliinuka akasema yeye ana gari nje.

Walikwenda, Rangi akiwa amepakata kisanduku cha raba za milango. Alikuwa na hofu, lakini si ile aliyoitarajia. Kuhusu kazi hakuwaza sana njiani. Aliwaza atakavyomwangalia mama yake usoni.

Mama alifungua mlango akiwa amevaa miwani yake ya kusomea. Rangi akaamkia, fundi akaamkia, na mama alipoisikia sauti ya fundi akatabasamu, akasema alidhani ni mfupi. Mezani ilikuwapo simu, imezimwa. Kando yake palikuwa na daftari limefungwa, na juu ya daftari kalamu mbili na rula, vimepangwa sambamba. Rangi alilifungua. Kila ukurasa ulikuwa na mistari iliyopigwa kwa rula: saa, jina, mtaa, friji linalia vipi, mteja ana hali gani. Kwenye hiyo nafasi ya mwisho mama aliandika vitu kama "ana hasira, ana mtoto mchanga, maziwa yanaharibika, awe wa kwanza". Ukurasa wa mwisho ulikuwa na tarehe ya Jumanne na mistari imepigwa tayari, na haukuwa na jina hata moja.

Rangi akaketi, akaeleza kila kitu tangu kujazia mpaka dakika ile ya kubadilisha. Mama alimsikiliza bila kumkatiza, kama alivyowasikiliza watu maisha yake yote, kisha akasema hayo mengi aliyajua tangu siku ya pili. Alimwomba mpigaji mmoja amsomee ukurasa wote, na mwisho kabisa palikuwa na jina la ofisi ya binti yake. Namba ya fundi mwenyewe aliipata kwa mteja wake wa zamani.

"Sasa kwa nini hukuniambia, mama?"

"Ningekwambia lini, mwanangu?" Hakukuwa na lawama kwenye sauti yake, na hiyo ndiyo iliyouma zaidi. "Nilikuwa nangoja upige. Nikasema akipiga tu, namwambia, tutacheka. Jumapili ya kwanza nikangoja. Ya pili, ya tatu. Halafu nikawa sitaki tena kukwambia, kwa sababu simu ilikuwa inalia."

Rangi alilia, tena si kidogo. Fundi wa mafriji, ambaye vilio vya watu havikuwa fani yake, aliondoka akaenda jikoni, na baada ya dakika mbili wakasikia friji la mama likivutwa kutoka ukutani.

Alipomaliza kulia alimuuliza lile alilotumwa. Mama alifuta miwani, akavuta daftari kwake, akasema atakubali ila kwa masharti, na masharti aliyataja kama aliyekuwa nayo tayari. Simu ataanza kupokea saa moja na nusu, si kabla. Mchana anapumzika saa nzima. Fundi akichelewa kwa mteja ampigie yeye kwanza. Fundi aliitikia kutoka nyuma ya friji, kila sharti sawa, sawa, sawa.

"Na Jumapili saa nne asubuhi," alisema mama, "laini ya mafriji nitaifunga saa nzima. Muda huo napokea simu ya mtu mmoja tu."

Rangi alirudi kazini Jumatatu, akairudisha namba mahali pake, na Mabano akaipiga kama orodha ilivyotaka. Akaulizwa la kwake linanguruma au limenyamaza. Akasema ni ukaguzi tu. Mama akamwambia basi asizibe laini.

Jumapili iliyofuata, saa nne kamili, Rangi aliacha nguo kwenye beseni, akajifuta mikono, akaketi kitandani. Hakuitafuta namba kwenye simu. Aliiandika kwa vidole, tarakimu moja moja, na mlio wa kwanza haukuisha.

"Habari za asubuhi," ilisema ile sauti iliyonyooka. "Tatizo lako ni nini?"

"Sina tatizo, mama," alisema. "Nimepiga tu."

Upande wa pili akasikia kiti kikivutwa, na daftari likifungwa.